Rose Hawthorne: asiyepona bado anaishi



Leo tumjue Rose Hawthorne, aliyezaliwa Marekani mwaka 1851, binti wa mwandishi maarufu Nathaniel Hawthorne. Maisha hayakumbembeleza: mtoto wake wa pekee alifariki akiwa na miaka 4 tu. Mwaka 1891 yeye na mume wake walipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Enzi hizo, huko New York, watu wengi walidhani saratani inaambukiza. Maskini akishaambiwa haponi, hospitali haimtaki, na nyumbani wanamwogopa. Mwaka 1896 Rose akajifunza uuguzi, akapanga vyumba katika mtaa wa maskini, akaanza kuwasafisha wagonjwa vidonda kwa mikono yake. Hakuwatoza hata senti.

Dawa ya kuwaponya hakuwa nayo. Sasa aliwapa nini? Kitanda safi, chakula, mtu wa kuongea naye, na nyumba ambamo hakuna anayemkunjia mgonjwa uso. Yaani alikataa kabisa wazo kwamba asiyepona hana tena cha kuishi.

Mwaka 1900 alianzisha shirika la masista Wadominiko, naye akaitwa Mama Maria Alphonsa. Alifariki mwaka 1926, lakini masista wake wanawauguza wagonjwa wa saratani bure mpaka leo.

Basi, kijana, una ndugu au jirani mwenye saratani? Usisubiri apate nafuu ndipo uende. Nenda wiki hii, ukae naye, mpige stori, msali pamoja.