Samuel Palmer: Mchoraji aliyeficha kazi zake bora kwenye jalada

Royal Academy ya London ilipotundika picha za Samuel Palmer ukutani mwaka wa 1819, alikuwa kijana wa miaka 14 tu, mtoto wa muuza vitabu kutoka Newington, kusini mwa jiji. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ungedhani dogo ameshatoboa. Wapi! Kazi zilizompa jina tunalolijua leo zilikuja kuonwa na umma kwa wingi zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Mambo yalibadilika alipokutana na John Linnell, mchoraji aliyemzidi umri kwa miaka 13. Oktoba 1824, Linnell alimpeleka kwa William Blake, mshairi na mchongaji picha aliyekuwa na miaka 66, fukara, na ambaye wengi walimwona kama mwendawazimu. Walimkuta kitandani, mguu unamuuma, vitabu vimemzunguka, lakini bado anachora. Palmer aliduwaa. Kilichomteka zaidi ni vipicha ambavyo mzee huyo alivichonga kwenye mbao kwa ajili ya mashairi ya Virgil: vidogo vya kutoshea kiganjani, vyeusi, vyenye mwezi, kondoo na wachungaji.

Mwaka uliofuata Palmer, akiwa na miaka 20, alichora picha sita kwa wino wa kahawia uliokolezwa gundi. Miti imevimba, mashamba yanang'aa gizani, kila jani kana kwamba lina uhai. Siku hizi ziko katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford, na binafsi naona hakuwahi kuzipita. Lakini enzi hizo? Mkosoaji mmoja aliyeona picha zake za mwaka huo alidokeza kwamba afadhali mchoraji mwenyewe ndiye awekwe kwenye maonyesho kama kioja.

Akahamia Shoreham, kijiji cha Kent, akiishi kwa urithi wa babu yake. Marafiki zake wasanii walikuwa wakimtembelea, wanazurura naye usiku kucha wakiutazama mwezi, hadi wanakijiji wakawadhania kuwa wanajimu. Alichora mavuno, makanisa na matufaha yaliyofurika mtini, kisha akazitia kazi hizo kwenye jalada alilowafungulia marafiki tu.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Wakati Palmer akichora shamba kama pepo, vibarua wa mashamba hayo walikuwa na njaa, na mwaka wa 1830 walivunja mashine na kuchoma nyasi za matajiri. Mwaka wa 1832 alichapisha kijitabu cha kupinga mageuzi ya kisiasa. Mvunaji alimpenda kwenye karatasi. Mvunaji aliyedai haki alimtisha.

Hela zilipoisha, akarudi London. Mwaka wa 1837 alimuoa Hannah, binti ya Linnell, wakaenda Italia kwa miaka miwili. Huko akajifunza kuchora mandhari safi, ya kupendeza wanunuzi. Wanunuzi wenyewe hawakuja kwa wingi. Akawa mwalimu wa kuchora wa watoto wa matajiri, huku baba mkwe akizidi kutajirika na kumpangia maisha. Binti yake alifariki mwaka wa 1847 akiwa na miaka mitatu. Kifungua mimba wake, Thomas More, naye akafa mwaka wa 1861 akiwa na miaka 19. Palmer alivunjika kabisa.

Kilichomwinua ni shaba. Tangu 1850 alikuwa amejifunza kuchora kwa asidi: bamba la shaba hupakwa nta, unakwaruza mchoro kwa sindano, kisha unalitumbukiza kwenye asidi, nayo inakula pale sindano ilipopita. Unapaka wino, unagandamiza karatasi, picha inatoka ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Ni kazi ya subira, na bamba moja lingeweza kumchukua miaka. Uzeeni, kwenye mabamba hayo, usiku wa Shoreham ukarudi: mwezi, kondoo, taa kwenye mnara wa mbali. Hapa hakuwa anamfurahisha mtu. Alipofariki Mei 24, 1881, alikuwa akiandaa mabamba ya tafsiri yake mwenyewe ya Virgil, mashairi yale yale ya Blake.

Mwanawe Alfred alimalizia mabamba hayo, akaandika na kitabu cha maisha ya baba. Halafu mwaka wa 1909, Alfred huyo huyo akawasha moto na kuteketeza madaftari yapatayo 20 pamoja na picha nyingi za baba yake. Aliona ni afadhali ziungue kuliko ziangukie mikono ya watu wasiozielewa. Moto ulichukua siku kadhaa.

Zilizosalimika zilionyeshwa katika makumbusho ya Victoria and Albert mwaka wa 1926, na wasanii vijana wa London wakazipapia. Kufikia 1976, ilipofichuka kwamba Tom Keating alikuwa akighushi picha za Palmer wa Shoreham, wafanyabiashara wa sanaa walikuwa tayari wamezinunua kwa bei ambayo Palmer mwenyewe hakuwahi kuiota.