Krapf na Miaka ya Katikati



Wiki hii nasema na vijana waliomaliza chuo, na wazazi wanaokaa nao nyumbani. Jumapili haipiti bila kijana mmoja kunivuta kando baada ya ibada. Amesoma, cheti kimo sandukuni, na huu ni mwaka wa pili anafanya vibarua Diani msimu wa watalii. Msimu ukiisha, anarudi Kinondo kukaa. Swali lake si la pesa tu. Anauliza kama kweli Mungu alimwita, au alijidanganya.

Fungueni Waebrania 11:8. Abrahamu alitoka asijue aendako. Mtu mwingine aliyepita njia hiyo alifika hapa hapa pwani yetu, naye ni Johann Ludwig Krapf. Shuleni tulifundishwa habari za Rabai, na kwamba mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya. Ujana wake hatukufundishwa, na humo ndimo nimepata neno.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akiwa mtoto alipigwa na jirani kwa kosa ambalo hakulifanya, akaugua miezi sita. Kitandani alisoma Biblia. Baadaye, shuleni, alipenda ramani za Afrika, na moyo ukawaka kwa kazi ya umishonari. Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, aliingia chuo cha wamishonari kule Basel, Uswisi. Hapo ungesema njia imenyooka.

Haikunyooka. Mashaka yalimwingia juu ya wito wake, na mwaka 1829 akaondoka chuoni. Fikiria mama yake alivyoulizwa na majirani. Krapf akarudi kusoma theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834, akawa mchungaji msaidizi kijijini. Kazi ilikuwepo, lakini ule moto wa kwanza ulikuwa majivu. Umishonari aliuona kama jambo lililokwisha.

Sasa angalieni Mungu alivyofanya. Hatusomi kwamba malaika alimtokea. Alikutana na mmishonari mmoja wa Basel, mtu wa kawaida tu, akamtia moyo aurudie wito wake. Mwaka 1836 chama cha CMS cha Uingereza kilimkaribisha, na mwaka uliofuata akasafiri kwenda Ethiopia. Huko alifanya kazi miaka kadhaa, halafu mlango ukafungwa, akazuiwa kurudi alikokuwa akihudumu. Kwa hiyo hata kuja kwake kwetu kulitokana na mlango uliofungwa. Januari 1844 alifika Zanzibar, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na Mei akahamia Mombasa na mkewe Rosine.

Julai mwaka huo huo, homa. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki, na mtoto naye akafuata siku chache tu baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na makaburi yapo hadi leo. Ukivuka feri ya Likoni, ukapita mjini na kuvuka daraja la Nyali, unafika.

Mimi nilisomea biashara, na kama mtu wa hesabu nasema ukweli: kitabu cha Krapf kilionyesha hasara. Familia imekwenda, afya imekwenda. Miaka yote ya Rabai, waliobatizwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na mmoja wao, Mringe, mtu mwenye ulemavu, alibatizwa karibu na kufa kwake. Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya akiwa mgonjwa.

Lakini kuna kitu alikianza Juni 1844, mwezi mmoja kabla ya msiba: kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kadhi mmoja, Mwislamu, alimsaidia. Sisi wa Kinondo, tunaoishi na majirani Waislamu mlango kwa mlango, tusilisahau hilo. Baada ya mazishi Krapf hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa. Alifariki Novemba 1881, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Hakuishika mkononi. Waliokuja baada yake kutafsiri Maandiko walimkuta ameshalima shamba.

Kijana, mashaka uliyo nayo si ushahidi kwamba hukuitwa. Krapf aliondoka chuo cha Basel akiwa na miaka 19, na ile elimu ya theolojia aliyoisoma wakati moyo umepoa ilimfaa alipoketi kutafsiri Mombasa. Mungu hakutupa hata mwaka mmoja. Mimi nilizunguka hoteli za Diani na bahasha ya khaki mpaka viatu vikaisha, na leo ile elimu ya hesabu inanisaidia kulinda sadaka zenu. Fanya vizuri kilicho mkononi mwako leo, hata kama ni kibarua cha wiki mbili.

Wazazi, acheni kumlinganisha na mtoto wa jirani. Na kanisa, tusimwombee tu kijana kwa mbali. Kilichomrudisha Krapf ni mtu aliyezungumza naye. Wiki hii kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja aliyemaliza chuo, aketi naye, amsikilize, kisha waombe pamoja.

Tuombe. Baba, wakumbuke watoto wetu walio katika miaka ya katikati. Wasipoona njia, waone mkono wako. Utupe sisi maneno ya kuwainua. Katika jina la Yesu, Amina.