Mohamed Amin: Aliyerudi na Kamera Vita Vilipokwisha

Nilikuwa nimeketi jamvini kwa mwenyeji wangu kule Kipungani, magharibi ya kisiwa cha Lamu, nilipoulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mama wa nyumba ile, mtu mzima ambaye mikono yake haiachi ukili hata anapozungumza, alitaka kujua hawa watu wa kamera wanaokuja kuwapiga picha wakisuka mikeka huenda wapi baadaye, na kwa nini hawarudi.

Swali lake lilikuwa na mzizi. Yeye alizaliwa upande wa bara, katika kimoja cha vijiji vilivyohamwa wakati wa vita vya shifta, baina ya 1963 na 1967. Watu walikimbilia visiwani, na wengi wao hawakurudi tena kwenye mashamba yao. Mama huyu alisema kuwa filamu za watu wanaokimbia vita amekwisha kuziona nyingi, lakini hajapata kuona inayoonyesha watu hao walivyoanza upya, walivyopata kiwanja, na nani aliwaazima sufuria.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu Mohamed Amin, nikamsimulia habari zake. Nami nawasimulieni nanyi, wasomaji wangu, kwa kuwa vijana wengi siku hizi hulisikia jina lake tu.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, wazazi wake wakiwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na baba yake akifanya kazi katika shirika la reli. Alikulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha tumika, na mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka ishirini na mmoja, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix. Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar mwezi Januari 1964, alivuka bahari akaenda kuyapiga filamu. Alirudi huko tena kutazama mambo yanavyobadilika, na mwaka 1966 akatiwa kifungoni kwa karibu mwezi mmoja. Alipofunguliwa akahamia Nairobi.

Mengine nayapitia upesi. Tarehe 5 Julai 1969 alipopigwa risasi Tom Mboya, Amin alikuwapo na kamera yake muda mfupi tu baadaye. Alipiga picha za Hija pia, na kitabu chake juu ya safari ya Makka kilitoka mwaka 1978. Mimi nilikiona mara ya kwanza katika duka moja la Mombasa, nikasimama nikikifunua hata mwenye duka akaanza kunikoholea.

Lakini dunia ilimjua kwa Korem. Mwezi Oktoba 1984 alifika kaskazini ya Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC, wakakuta umati wa watu waliokusanyika wakifa kwa njaa alfajiri. Ukame ulikuwapo, ni kweli, lakini vita vya Tigray na Eritrea ndivyo vilivyofunga njia na kuwaondoa wakulima mashambani. Filamu yao ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikachukuliwa na mamia ya vituo vya televisheni duniani. Waimbaji wa Uingereza na Marekani wakaingia kazini, na mwezi Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid.

Mtu mwingine angetosheka na sifa hiyo. Amin hakuiacha Ethiopia, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mengistu alikimbia mwezi Mei 1991, na tarehe 28 ya mwezi huo wapiganaji waliomshinda wakaingia Addis Ababa. Vita vilikuwa vimekwisha. Waandishi wengi walikwisha pata habari yao. Wiki moja tu baadaye ghala la silaha likalipuka mjini. Amin na wenzake walikwenda kupiga filamu, na mlipuko mwingine ukawakuta hapo hapo. John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Amin alikatwa mkono wa kushoto.

Msomaji, fikiri mwenyewe: mpiga picha wa sinema, kazi ambayo huitaka mikono yote miwili. Alifungiwa mkono wa bandia uendao kwa umeme, akatengenezewa njia ya kuishika kamera, na haukupita muda mrefu akawa kazini tena. Alirudi katika nchi ile ile. Nchi ambayo watu wa Ulaya waliijua kwa mifupa ya watoto, kampuni yake ikaitolea kitabu cha kuwaongoza wasafiri, chenye milima, makanisa ya mwambani na masoko yaliyojaa watu. Wako waliosema kuwa hiyo ni biashara tu. Biashara ilikuwapo, sikatai. Lakini mtu wa Korem naye alikuwa na haki ya kuonekana siku aliyoshiba.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakitaka iende Australia, wala hawakusikia la rubani kuwa mafuta hayatoshi. Waliosalimika walieleza kuwa Amin alisimama akibishana na watekaji hao. Mafuta yalikwisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na Mitsamiouli, Ngazidja, katika maji ambayo majahazi yetu yameyazoea tangu zamani. Katika watu 175 walikufa 125, yeye akiwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mama yule alinisikiliza hata mwisho. Akauliza ni mkono gani uliokatika, nikamwambia wa kushoto. Akautazama wake, ulioshika miaa, akanyamaza kidogo. Kisha akataka kujua kama marehemu aliacha mtoto. Nikamweleza kuwa mwanawe, Salim, aliishika kazi ya baba yake, akazihifadhi picha zake Nairobi, na mwaka 2006 ikatoka filamu juu ya maisha yao wawili.

Akasema basi na apelekewe salamu. Siku watu wake watakapokwenda kuyafyeka upya mashamba yao ya bara, aje na kamera. Mashua ya kumvusha itapatikana, na kulala atalala hapa hapa Kipungani.