Beveridge, mtu aliyetaka mafao yawe haki

Wengi wetu tunaofanya kazi Uingereza tunakatwa Bima ya Taifa katika mshahara, lakini wachache wanamfahamu aliyechora ramani ya mfumo huo.

William Beveridge alizaliwa Machi 5, 1879 huko Rangpur, Bengal, ambayo sasa ni sehemu ya Bangladesh. Baba yake alikuwa jaji huko. Alisoma Oxford, kisha mwaka 1903 akaenda kufanya kazi za kijamii Toynbee Hall, mashariki mwa London, katika mitaa ya makabwela. Alichokiona kilimshawishi kwamba ukosefu wa kazi si uvivu wa mtu, bali ni tatizo la uchumi mzima.

Mwaka 1907 alikwenda Ujerumani kutazama bima ya wafanyakazi iliyoanzishwa enzi za Bismarck. Mwaka uliofuata akaingia Wizara ya Biashara chini ya Winston Churchill, akashiriki kuandaa ofisi za ajira na sheria ya Bima ya Taifa ya 1911.

Bima hiyo haikutosha ajira zilipoporomoka. Kuanzia 1931, aliyekaa muda mrefu bila kazi alipimwa kipato cha nyumba nzima. Maofisa waliingia majumbani, na mshahara wa mtoto uliweza kupunguza posho ya baba. Watu waliuchukia utaratibu huo kwa miaka mingi.

Ripoti ya Beveridge ilitoka Desemba 1942, vita vikiendelea, na watu walipanga foleni kuinunua. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: kila mfanyakazi achangie, na akiugua, akizeeka au akikosa kazi alipwe bila kuulizwa ana nini nyumbani. Mwenyewe alipoteza kiti chake cha ubunge mwaka 1945, lakini serikali ya Attlee ilitunga sheria mpya, zilizoanza kutumika Julai 5, 1948.

Hata hivyo, viwango vilivyopangwa vilikuwa vidogo. Wengi, hasa wazee wapangaji, walilazimika kuomba nyongeza na kupimwa tena. Beveridge alifariki Machi 16, 1963 akiwa ameyashuhudia hayo.

Mgawanyiko huo upo hadi leo. Universal Credit hupima uwezo, na mwenye akiba inayozidi pauni 16,000 hapati. Mafao ya michango, kama yale ya aliyepoteza kazi, hayaangalii akiba ya benki. Tena, viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma haimzuii aliyetimiza michango na masharti mengine kuyadai. Ndugu zetu wengi hawalijui hilo, wanaona haya kwenda kuuliza, ilhali wamekuwa wakikatwa kila mwezi.