Lon Chaney: Mtoto wa viziwi aliyeifundisha dunia kuogopa

Mabishano ya wikendi ni yale yale: filamu gani ya kutisha ni noma kuliko zote? Mmoja atataja The Exorcist, mwingine The Conjuring, na wa tatu hatoki kwa It. Sawa tu. Ukiniuliza mimi, yangu ni ya 1925. Karibu yote haina rangi, waigizaji hawasikiki wakiongea, na bado ukiitazama usiku peke yako utawasha taa. Inaitwa The Phantom of the Opera, na aliyeifanya isisahaulike ni msee mmoja, Lon Chaney.

Chaney alizaliwa Aprili 1, 1883, mjini Colorado Springs, Marekani. Babake alikuwa kinyozi. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na babu yake mzaa mama alikuwa mmoja wa walioanzisha shule ya watoto viziwi Colorado mnamo 1874. Kwa hivyo nyumbani kwao maneno ya mdomo hayakuwa na kazi kubwa. Mliongea kwa mikono, macho na uso. Ukiwa na furaha, lazima ionekane. Ukiwa na hasira, vivyo hivyo.

Akiwa darasa la nne hivi, mamake alishikwa na ugonjwa wa viungo uliomlaza kitandani, na kijana akaacha shule ili amhudumie. (Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo hapa sina mdomo wa kumcheka mtu.) Kila siku alitoka nje, akaona watu wa mtaa na vituko vyao, kisha akarudi kumwigizia mamake yote bila neno hata moja: huyu anatembea hivi, yule amekasirika vile. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya uigizaji, na mwanafunzi alikuwa na mtazamaji mmoja tu.

Alianza kama kibarua wa nyuma ya jukwaa kwenye jumba la maonyesho la mji wao, na kufikia 1902 alikuwa akizunguka na vikundi vya wasanii. Akaoa mwimbaji aliyeitwa Cleva Creighton, na mwaka wa 1906 wakapata mwana, Creighton. Ndoa haikuwa tamu. Mnamo 1913, jijini Los Angeles, Cleva alimeza sumu katika ukumbi ambako Chaney alikuwa akifanya kazi. Alipona, lakini sauti yake ya kuimba ikaharibika, na kazi yake ikaishia hapo. Kashfa ikaenea, talaka ikafuata, na milango ya kumbi za maonyesho ikamfungia Chaney. Wakati huo filamu zilionekana kazi ya watu waliokosa kazi, na huko ndiko alikokimbilia.

Universal walimpa vijisehemu vidogo vidogo kwa miaka kadhaa. Alipoomba nyongeza ya mshahara, mdosi akaruka. Chaney akajitoa. Mnamo 1919 akaigiza katika The Miracle Man kama tapeli anayejifanya mlemavu, anayejikunja mwili mzima kisha anajinyoosha mbele ya umati kana kwamba ameponywa. Hakuna hila ya kamera hapo, ni mwili wake tu. Mji mzima wa Hollywood ukamjua jina.

Siku hizi uso wa zimwi hutengenezwa na kikosi kizima, na kompyuta humalizia. Chaney alikuwa na sanduku la vipodozi na kioo. Pamba, nta, gundi, waya, meno ya bandia, yote alijipaka na kujibandika mwenyewe. Katika The Penalty ya 1920 alikuwa jambazi asiye na miguu, kwa hivyo alijifunga miguu kwa nyuma na kutembelea magoti. Aliweza kuvumilia dakika chache tu kwa wakati. Ni kweli studio zilipenda kutia chumvi kuhusu mateso yake, lakini hata ukiipunguza chumvi hiyo, kazi inabaki. Ufundi wake ulifika hadi Encyclopaedia Britannica, ambayo ilimpa kazi ya kuandika kuhusu vipodozi vya waigizaji.

Mwaka wa 1923 Universal walimrudisha, safari hii kwa doo za maana, awe Quasimodo katika The Hunchback of Notre Dame. Katika riwaya ya Victor Hugo, Quasimodo ameziba masikio kwa sababu ya kengele anazopiga. Fikiria basi: mtoto wa viziwi anaigiza kiziwi, katika filamu isiyo na sauti. Hakukuwa na DJ Afro wa kukuelezea kinachoendelea. Uso ndio uliobeba hadithi.

Halafu ikaja Phantom. Erik anajificha chini ya jumba la opera la Paris, amevaa barakoa, na anampenda mwimbaji Christine. Studio ilificha uso wake kwenye matangazo, hivyo watu waliingia ukumbini hawajui watakutana na nini. Erik anapiga kinanda, Christine ananyemelea nyuma na kuivuta barakoa. Hapo kuna ujanja mkubwa: sisi watazamaji tunauona uso kabla ya Christine. Pua imevutwa juu, macho yametumbukia, meno nje. Halafu anageuka, na tunaogopa mara ya pili, sasa pamoja naye. Filamu nyingi tunazozipenda leo bado zinatumia mbinu hiyo: subirisha, kisha onyesha.

Kuna swali halali hapa. Kwa nini mwenye uso ulioharibika ndiye awe zimwi? Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulalamika. Lakini mtazame Chaney vizuri. Quasimodo anachapwa viboko huku umati ukifurahia. Erik, ambaye ni muuaji kweli, anakimbizwa na kundi hadi kando ya mto Seine. Anainua ngumi kana kwamba ameshika bomu, na umati mzima unarudi nyuma. Kisha anaifungua mkono. Hamna kitu. Anacheka, wanamrukia, na mto unammeza. Kwa sekunde hizo chache hujui umwogope nani, yeye au wao.

Filamu zikaanza kuongea. Chaney alisitasita, kisha mwaka wa 1930 akarudia The Unholy Three akitumia sauti tano tofauti, na akatia sahihi kiapo kwamba zote ni zake. Wakati huo saratani ya mapafu ilikuwa tayari ndani. Wiki chache baada ya filamu kutoka, Agosti 26, 1930, alifariki akiwa na miaka 47. Inasimuliwa kwamba siku za mwisho koo lilikuwa limekataa kabisa, akarudi kuongea kwa mikono, kama alivyoongea na mamake. Amezikwa Glendale, California, na kaburi lake halina jina.

Creighton aliingia kwenye uigizaji baada ya babake kufa, baadaye akachukua jina la Lon Chaney Jr., na 1941 akawa The Wolf Man. London After Midnight ya 1927, ambamo mzee alivaa meno makali na kofia ndefu, hutaiona: nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwenye moto wa ghala la MGM mwaka wa 1965. Lakini Phantom ipo YouTube, bure. Usiirukeruke. Anza mwanzo, zima taa, na usisome chochote zaidi kuhusu ule uso.