George Cadbury: Mkubwa wa kazi aliyewaheshimu watumikaji wake

Wakulima wengi wa makanisa yetu ya Beni na Ituri wanajua vizuri kazi ya kakao: kuvunja maganda, kuvundika mbegu, kuzianika na kungoja mnunuzi. Leo tunapenda kuwaletea maisha ya mtu aliyefanya kazi na kakao katika upande mwingine, kule inakogeuzwa kuwa chokoleti. Jina lake ni George Cadbury. Tunamchagua kwa sababu maisha yake yanatufundisha namna mkubwa wa kazi anavyopaswa kuwatendea walio chini yake. Yanatuonyesha pia mahali ambapo heshima hiyo inapimwa kweli.

George alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Birmingham, Uingereza. Jamaa yake ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, ambalo hata kwetu Kivu ya Kusini lina waamini. Marafiki wanaamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, awe tajiri au maskini. Mwaka 1861 yeye na kaka yake Richard walipokea kazi ya baba yao, kiwanda kidogo cha kakao kilichokuwa karibu kufungwa. Watumikaji walikuwa wachache sana. Ndugu hao wawili walitia ndani urithi wa mama yao, na miaka ya kwanza ilikuwa ya hasara. Walijinyima, walifanya kazi tangu asubuhi hata usiku, na baada ya miaka kadhaa faida ikaanza kuonekana.

Lakini kabla ya kuwa tajiri, George alikuwa mwalimu. Tangu akiwa kijana wa miaka kama 20, kila Jumapili asubuhi mapema alikwenda kuwafundisha wanaume maskini kusoma, kuandika na kujua Biblia. Alifanya hivyo karibu miaka 50. Wanafunzi wake walipokuwa wagonjwa aliwatembelea, na hivyo akaona nyumba zao: vyumba vya giza, vilivyobanana, bila hewa nzuri. Huko ndiko alikojifunza kumtambua mtumikaji kama mtu mwenye jina, mke na watoto. Mkubwa ambaye hajui mtumikaji wake analala wapi hawezi kumheshimu kwa kweli.

Mwaka 1879 walihamisha kiwanda nje ya mji, mahali walipopaita Bournville. Walijenga vyumba vyenye mwanga, mahali pa kula na viwanja vya michezo. Siku ya Jumamosi watu walitumika nusu siku tu, jambo ambalo wakati ule wakubwa wengi hawakulikubali. Siku ilianza kwa kusoma Neno na kuomba pamoja.

Mwaka 1895 George alinunua shamba karibu na kiwanda, akaanza kujenga nyumba nzuri, kila moja na bustani yake. Nyumba hizo hazikuwa za watumikaji wake peke yao. Mwaka 1900, zilipokuwa zimepita 300, aliutoa mji wote mikononi mwa baraza la wasimamizi, ili yeye na watoto wake wasipate faida yake. Na mwaka 1905 kiwandani ziliundwa kamati za kuzungumza mambo ya kazi.

Hatusemi alikuwa malaika. Kwa mfano, mwanamke aliyeolewa alipaswa kuacha kazi kiwandani, na leo tunaona kwamba hiyo haikuwa haki. Lakini jaribu kubwa zaidi lilitokea mbali na Bournville.

Sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka kisiwa cha São Tomé, kilichotawaliwa na Ureno. Mwaka 1901 William, mtoto wa Richard, alianza kusikia kwamba wanaolima kule ni watumwa waliochukuliwa kutoka Angola. Kwenye karatasi waliitwa watu wa mkataba, lakini hawakurudi kwao. Kampuni iliuliza, ikaandika barua, ikamtuma mchunguzi, Joseph Burtt, mwaka 1905. Alirudi mwaka 1907, na habari zilikuwa za kweli. Hata hivyo waliendelea kununua, wakitumaini kwamba kwa njia hiyo wataisukuma serikali ya Ureno ibadilike. Ni mwaka 1909 tu walipoacha kununua kakao ya kisiwa kile. Mwaka huohuo baraza la hukumu lilisikiliza mashitaka yao juu ya gazeti moja lililowaita wanafiki. Walishinda, lakini baraza la hukumu likawapa fidia ya sarafu ndogo kabisa ya Uingereza, robo ya peni. Kila mtu alielewa maana yake.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Katika miaka hiyohiyo William alitoa feza nyingi kusaidia wale waliopiga kelele juu ya mateso ya mpira katika Kongo ya mfalme Leopold. Jamaa iliyotetea babu zetu ilichukua miaka minane kuacha kakao ya watumwa. Kuona dhambi ya mwingine ni rahisi kuliko kukata faida yetu wenyewe.

George alikufa mwaka 1922, akiwa na miaka 83. Mema yake yabaki mema, na tuyafuate. Lakini tusiishie kwenye bustani za Bournville. Paulo, katika Wakolosai 4:1, anawakumbusha mabwana kwamba nao wana Bwana mbinguni, kwa hiyo watende haki na usawa. Yakobo 5:4 anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa unalia mbele za Mungu.

Basi sisi tunaoongoza masomo, hospitali na ofisi za Kanisa, tujiulize. Mlinzi wa usiku amepata mshahara wake wa mwezi uliopita? Mwalimu anajua sababu ya kuchelewa kwa feza yake, au anafukuzwa mlangoni anapouliza? Msichana anayetupikia anaitwa kwa jina lake? Na ninyi mnaonunua kakao, mizani yenu ni sawa kwa mjane kama kwa mwenye gari? Kumsalimia mtu kwa upole ni vizuri. Lakini heshima yetu itajulikana zaidi kwa mtu wa mbali, yule asiyekaa nasi mezani na ambaye jasho lake linatulisha.

Bwana atupe macho ya kumwona, na moyo wa kutokawia.