William Mshindi: Mfalme aliyehesabu hadi mahame

William alizaliwa Falaise, Normandy, takriban mwaka 1028, akiwa mwana wa nje ya ndoa wa Mtawala Robert. Alirithi utawala huo mwaka 1035, angali mtoto. Oktoba 14, 1066, alimshinda Mfalme Harold karibu na Hastings, na siku ya Krismasi akatawazwa mfalme wa Uingereza.

Mkulima aliendelea kulima shamba la bwana kabla ya kupata nafasi ya kulima lake. Lakini bwana sasa alizungumza Kifaransa, na kuwinda kulungu katika misitu ya mfalme kukawa kosa.

Kaskazini ilipoasi, majeshi ya William yaliteketeza nafaka, mifugo na zana za kilimo katika majira ya baridi ya 1069 hadi 1070. Maelfu ya watu walikufa kwa njaa.

Mwaka 1086, makarani wake waliorodhesha wakulima, plau na vinu katika Kitabu cha Domesday, ili mapato ya kila shamba yajulikane. Vijiji vingi vya Yorkshire viliandikwa kuwa mahame.

William alifariki Rouen, Septemba 9, 1087. Mwanawe, William Rufus, alirithi ufalme pamoja na mahame hayo.